Hatua Mbili za Kaka

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nje ya kibanda cha Fundi Saa. Kahawa huletwa na Kinyozi wa mlango wa pili, na ubishi huletwa na Risiti, keshia mstaafu asiyekubali neno bila ushahidi. Mimi kazi yangu ni kusogea ili wengine wakae. Jana Fundi alitandika ubao wa chesi, akapanga upya mchezo aliocheza na kaka yake zamani, Fundi akiwa kijana. Kaka huyo ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfundisha hata jinsi farasi anavyoruka. Kesho yake baada ya mchezo huo, alfajiri, kaka alisafiri kutafuta kazi. Hajarudi, wala hajulikani aliko.

— Kaka akaanza na askari huyu, nyumba moja, alisema Fundi. Halafu huyu wa pembeni yake, nyumba mbili. Mfalme akabaki mlango wazi. Malkia wangu huyo, kwisha kazi!

— Hatua mbili tu? Kinyozi alishangaa. Mwalimu mzima? Basi tumbo lilimuuma.

— Ushahidi? Risiti akadakia.

— Au alikuwa amelala. Kuna watu hulala macho wazi, bwana, mimi nawanyoa kila siku!

— Toka hapa! Huo ulikuwa ufunguzi mpya, akasema Risiti. Alibuni mwenyewe, akasahau hatua ya tatu.

— Hatua ya tatu angeipata wapi, naye keshafungwa?

— Ndiyo maana nasema alisahau!

Tulicheka, Fundi naye akacheka kidogo. Alirudisha kete mahali pake, akazisogeza tena zile mbili, taratibu, kama mtu anayetafuta skrubu iliyodondoka.

— Labda alikuachia tu, nikasema. Alijua anaondoka, akataka ubaki na ushindi.

— Angeniambia.

— Angekwambia, ungekuwa umeshinda?

Hapo hata Risiti hakudai ushahidi. Fundi alimshika yule mfalme mweupe wa kaka yake akamzungusha vidoleni.

— Miaka yote hii najua nilimfunga, alisema. Sasa mnaninyang'anya hata hilo.

Mama mmoja aliyefuata saa yake ya ukutani alikuwa amesimama kando, anasikiliza. Hatukuwahi kumwona hapo kabla.

— Samahani, kaka zangu. Mimi mchezo wenu siujui. Lakini malkia alipofika pale, huyo kaka mtu usoni alikuwaje? Alishtuka, au alitabasamu?

Nilimtazama Risiti, Risiti akamtazama Kinyozi. Fundi aliutazama upande wa pili wa ubao, pale ambapo hapakuwa na mtu.

— Sijui, mama, alisema mwishowe. Nilikuwa nimeshatoka mbio nje, nawatangazia majirani kwamba nimemfunga.