Meza Ina Mtu: Mzee Halidi Matano Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Afisa Biashara wetu, Mzee Halidi Matano, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mwandishi wa wasifu huu amekaa naye ofisi moja kwa muda mrefu, na mpaka leo hajaacha kumstaajabia.

Alianza kazi kwa baiskeli, akizunguka magulio ya Kibuta na vijiji vya jirani. Wauza mihogo wakimwona walitimua mbio, wakidhani anafuata ushuru. Siku moja alimkimbiza mama mmoja hadi shambani kwake, kumbe anamrudishia ungo alioudondosha. Hadithi ile ilienea, na mbio zikaisha.

Lakini hata Mzee Halidi hukosea. Soko jipya lilipofunguliwa, yeye ndiye aliyepanga meza: nazi kwa nazi, mitumba kwa mitumba. Tulimpigia makofi. Ijumaa ya kwanza upande wa nazi ukabaki mtupu, kwa kuwa wauzaji wake karibu wote ni Waislamu na walikwenda kuswali. Jumapili wauza mitumba nao wakaenda kanisani. Wateja wakachoka kukuta meza tupu. Haukupita muda, wafanyabiashara wakarudi barabarani walikokatazwa, na amri ya kuwaondoa ikatolewa. Riziki za watu zilikuwa hatarini, naye hakupata usingizi.

Akaenda kukaa nao huko barabarani, juu ya ndoo, juani. Hapo ndipo alipoona na kusimuliwa: Yassin wa nazi akienda msikitini, jirani yake Recho wa mitumba humuuzia nazi zake; Recho akienda kanisani, Yassin humuuzia nguo zake. Mteja akisita huambiwa, "Nunua tu, meza ina mtu." Miaka yote hiyo Mzee hakuyaona, maana Jumapili ofisi imefungwa, na Ijumaa naye alikuwa msikitini, na mwandishi huyu ndiye aliyempokelea wageni!

Akaomba amri isitishwe, akasimama mbele ya wakubwa na kusema mpango wake ulikuwa mbovu. Nani kati yetu angethubutu? Kila mtu akapangwa sokoni na jirani yake wa barabarani, na soko limejaa hadi leo.

Sasa wafanyabiashara wamempa meza ya kuuzia unga wake wa muhogo, katikati ya Yassin na Recho.

Asante, Mzee wetu. Tunakutakia afya, baraka na wateja wengi. Ijumaa nenda kaswali bila wasiwasi. Recho amesema meza ina mtu.