Zihindula Namegabe, Fundi wa Vifuniko Vinavyofunguka

Padri wetu, ndugu wa ukoo, majirani wa Katoyi, poleni kwa kusimama juani. Mimi ni Christa, mdogo wake marehemu. Wasifu huu ulistahili kusomwa na kaka zetu wakubwa, lakini wote tumeshawazika, na sauti iliyobaki ni hii yangu, nayo imechoka. Mnisikilize hivyo hivyo.

Papa Evariste Zihindula Namegabe alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Burhale, Walungu, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa tatu wa katekista Namegabe na Mama M'Cirhuza. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hakuvumilia kitu kilichofungwa. Alifungua saa ya parokia, akafungua redio ya mwalimu, akafungua hata kufuli la stoo ya maharage. Viboko alivipata vya kutosha, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Alisoma shule ya msingi Burhale, kisha shule ya ufundi mjini Bukavu, alikopata diploma ya umekanika mwaka 1977. Mwaka uliofuata alikwenda Kinshasa kujifunza ufundi wa ndege, akarudi mwaka 1981 na cheti, suruali pana, na Lingala ambayo nyumbani hakuna aliyeielewa.

Mwaka 1982 alikuja Goma kufanya kazi kwenye uwanja wa ndege, katika kampuni ya ndege ndogo za mizigo zilizokwenda Walikale na kwingineko msituni. Alifanya kazi hiyo mpaka kampuni ilipofungwa mwaka 2009. Ndege, kwa wasiojua, ina vifuniko tumboni na ubavuni ambavyo fundi huvifungua ili aone nyaya na mabomba. Vile vya siku hizo vilishikwa na skurubu, na skurubu zenyewe vichwa vilikuwa vimelika. Fundi akishapigana na tatu za kwanza, rubani anapiga kelele, mizigo inangoja, mvua inakuja. Kaka aliona mafundi wengi wakiangalia kifuniko kwa nje na kusema kwamba ndani ni salama. Alikuwa akisema, "Kitu kama ni nguvu kufungua, batu habafungue. Na kama habafungue, habaone." Maneno hayo tuliyasikia mezani mpaka chakula kikapoa.

Tarehe 8 Julai 1989, hapa Goma, alifunga ndoa takatifu na Mama Marie-Claire. Gari la arusi lilizimika njiani, na bwana arusi akaingia kanisani na alama ya grisi kifuani kwenye shati jeupe. Marie-Claire alimwambia mbele ya wasimamizi, "Leo pia?" Naye akajibu, "Leo pia, mama, lakini gari inatembea." Mungu aliwajalia watoto wawili, Akonkwa na Murhula.

Mwaka 2011 alianza kutengeneza ndege yake mwenyewe uani, ya viti viwili, yenye injini ndogo aliyoachiwa na padri mzee aliyerudi kwao. Alitaka jambo moja tu, na alilisema bila aibu: ndege hiyo iruke mara moja, yeye akiwa ndani, izunguke juu ya ziwa na kurudi. Mimi niliona ni wazimu. Nilimwambia hivyo mwaka hadi mwaka, na yeye mwaka hadi mwaka alinikaribisha chai.

Kilichomchelewesha ni vifungio vya vifuniko. Sisi wengine tungepiga ribiti, zile pini za kubana bati moja kwa moja, tukamaliza. Ribiti ni nyepesi na inashika sana, lakini kuitoa lazima uitoboe kwa mashine. Skurubu alizijua na hakuzipenda. Alizikubali kwenye vifuniko vya mabawa tu, kwa kuwa vile vinabeba nguvu. Kwingine kote alitaka kile kifungio unachokizungusha robo tu, tak, kinafunguka. Robo tena, tak, kinafungwa. Kila kimoja alikichorea mstari mwekundu, ili hata kwa mbali uone ambacho hakikufika mwisho, maana kifungio cha namna hiyo kikibaki nusu, mtetemo wa ndege unamalizia kukifungua.

Baada ya kungoja kwa muda mrefu, vifungio vikafika kutoka Ulaya. Vilikuwa na mfereji kichwani, vya kuzungushwa kwa sarafu. Sarafu, wapendwa, katika nchi hii ambayo kwa miaka mingi sasa hela zetu ni karatasi, tena zilizochanika! Mtaalamu wa miaka yote hiyo hakuliwaza. Ilibidi aombe sarafu ya Gisenyi kwa akina mama wanaovuka mpaka, na watoto wa mtaa wakawa wanamfuata: "Papa Ndege, leo uko na kle?" Ufunguo wenyewe ndio ile sarafu. Alicheka kuliko sisi sote. Baadaye aliagiza vingine vyenye masikio, vya kuzungushwa kwa vidole, na akaanza upya. Marie-Claire alilia siku hiyo. "Unatengeneza ndege ao sanduku?" alimwuliza. "Ata mbuzi itafungua hii kitu!"

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini. Mnajua, sina haja ya kusimulia. Ilisemekana kwamba watu wenye silaha wanapita nyumba kwa nyumba, na atakayekutwa na kitu kinachofanana na cha jeshi ataeleza mbele ya bunduki. Na sisi tulikuwa na ndege uani. Nilikuwepo. Marie-Claire alimshika mkono mumewe, akamwambia, "Evariste, hii kitu itatuuwa na batoto. Itoshe." Umeme ulikuwa umekatika. Kama angepiga ribiti kama tulivyomshauri, asingetoa hata bati moja siku ile. Alizunguka na vidole vyake tu, tak, tak, na kabla maharage hayajaiva ndege ilikuwa mifupa. Murhula alipitisha vifuniko juu ya ukuta kwa majirani. Kimoja kilifunika sisterni ya maji, kingine kikawa paa la mbuzi, kingine kikawekewa makaa ya kuuza. Mabawa yalipanda darini. Injini ilizikwa chini ya magunia. Ndani ya mifupa tukaingiza kuku.

Walipofika, mmoja wao aliuliza, "Hii ni nini?" Marie-Claire akasema, "Ni nyumba ya kuku, chef." Akaangalia, kuku akamwangalia, akaondoka. Tukiwa hai leo, ni kwa sababu ya ukaidi ule tulioucheka. Ninamwomba kaka radhi mbele yenu.

Vita vilipotulia kidogo alianza kukusanya vifuniko vyake. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, hapakuwa na mahali pa kurukia, lakini alisema uwanja hufunguliwa. Mwezi wa Juni miguu ilianza kuvimba, na daktari akasema ni figo. Hapo akaanza kukimbizana na mwili wake. Majirani mlirudisha vyote, asanteni, hata yule wa makaa aliyekipiga msasa. Kilibaki kimoja tu, kile kikubwa cha tumboni, ambacho ndege haiwezi kuruka bila hicho. Bati la namna hiyo lilikuwa linakuja kwa ndege, na ndege hazikuwa zinakuja.

Kifuniko hicho kilikuwa kwa Mama Nyirakamana, mjane aliyekimbia kutoka Kalengera na wajukuu wake, anayeishi katika kile kibanda cha mbao nyuma ya ukuta wetu. Alikuwa amekifanya mlango. Mwezi wa Agosti kaka alikwenda huko kwa fimbo, Murhula akiwa amembebea mlango mpya wa mbao wa kubadilishana. Nilikwenda nao, maana alikuwa anaanguka. Nyirakamana alisimama mlangoni, akaona mbao, akaelewa. Hakubishana. Alisema, "Papa, kitu ni yako, chukua. Ile yangu ya mbao balivunja mara mbili. Hii mutu akigusa inalia, avenue yote inaamuka. Nyuma ya hii ninalalaka."

Kaka aliweka mkono juu ya bati. Lilikuwa limefungwa kwa waya na misumari iliyopinda, na nadhani hilo lilimuumiza kuliko figo. Akakaa juu ya jiwe. Kisha akamwambia mwanawe, "Murhula, rudisha hiyo mbao. Uniletee boîte ya bifungio, bile bya masikio."

"Papa, na ndege?"

"Nimesema boîte."

Kopo la vifungio lilipofika, alikaa hapo hadi alasiri, akatoa waya wote, akapanga vifungio upande wa ndani, akachora mistari myekundu. Alimfundisha bibi yule kuzungusha robo, na wajukuu pia, mpaka wote wakaweza kama gizani, macho yakiwa yamefumbwa. Kurudi nyumbani tulimshika mimi huku na Murhula huku. Nilimkasirikia sana. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nimeisema vibaya ile ndege, na jioni ile niliililia. Yeye alisema tu kwamba miguu inamuuma, na akaomba uji.

Hakutoka tena uani. Alitunzwa na Mama Marie-Claire, na aliaga dunia nyumbani kwake Katoyi asubuhi ya Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, akiwa na miaka sitini na saba, akiwa amepata sakramenti zote.

Ameacha mjane, Mama Marie-Claire, binti, Akonkwa, anayetusikiliza kwa simu kutoka Kinshasa kwa kuwa hakupata njia ya kufika, mwana, Murhula, wajukuu wawili, na mimi mdogo wake. Ndege ameiacha pia. Haikuruka, na wanaotuuliza kila siku itaruka lini tunawajibu leo kwa pamoja: pengo la tumboni litabaki hivyo, na asitumwe mtu nyuma ya ukuta.

Lala sasa, Evariste. Mama Nyirakamana analala.