Ushuhuda Hauna Alama: Kumuaga Mwalimu Naftaly Luseno

Tarehe 31 Machi 1998, Mwalimu Naftaly Luseno atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha. Miaka ishirini na miwili ameimaliza hapa kwetu, Shule ya Upili ya Reli Kusini, Makongeni. Kamati ya sherehe imeniagiza nimwandikie maneno ya furaha. Nimejaribu, jamani. Kila nikianza na furaha, kalamu inakwenda kwingine, kwa hivyo wageni wetu mtanivumilia.

Mwalimu Luseno alizaliwa Hamisi mwaka wa 1943. Alifundisha kwao magharibi kabla ya kuletwa Nairobi mwaka wa 1976, na tangu hapo hajafundisha somo jingine ila Dini ya Kikristo, ile CRE ya watoto. Mimi ni Khadro, mwalimu wa Kiswahili, na ni Mwislamu. Tumekaa meza moja katika chumba cha walimu kwa muda mrefu hata nabii Amosi namjua kama jirani yetu wa Eastleigh. Sikumsoma popote. Nilimsikia tu, Mwalimu akimweleza mwanafunzi mmoja baada ya mwingine pale mezani, chai yangu ikipoa.

Kuna watu hudhani somo la Dini ni la kubahatisha, kwamba ukienda kanisani Jumapili umeshafaulu. Mwalimu aliwachukia watu hao kwa moyo wake wote, Mungu amsamehe. Kila Januari aliwachorea Kidato cha Nne umbo la mtihani ubaoni kabla ya kugusa Biblia. Karatasi ni mbili. Katika kila moja kuna maswali sita, unajibu matano, na kila swali lina alama ishirini zilizokatwa vipande vitatu. Kipande cha a kinauliza yaliyoandikwa. Cha b kinauliza kama umeyaelewa. Cha c kinauliza yanamhusu vipi Mkristo wa leo. Karatasi yenyewe huja kwa Kiingereza, lakini amri zake alizifundisha kwa Kiswahili zikaingia. Ukiambiwa taja, alisema, bisha hodi uende zako. Ukiambiwa eleza, ingia, ukae, ule na chakula.

Watoto walimwita Odijo wa Pointi, yaani mwalimu wa hoja kwa Sheng yao, na alijua, na alipenda. Alipenda pia kutusomea makosa yao, bila kutaja jina la mwenye kosa. Kuna kijana mmoja wa mtaa wa Jericho aliyeulizwa kuhusu yule mtu aliyevamiwa na wanyang'anyi akishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Kijana akaeleza kwamba kosa lilikuwa la msafiri mwenyewe, maana kutoka Jerusalem kwenda Jericho, mitaa yetu hii ya Eastlands, kila mtu anajua hupiti kichochoro gizani, unazunguka na barabara ya lami, na kwamba vijana waliompiga wanajulikana hata kwa chifu. Tulicheka hadi mwalimu mkuu akaja kuuliza kuna nini. Mwalimu Luseno alimpa alama moja, ya wanyang'anyi. Nyingine alimnyima kwa sababu Msamaria hakuonekana popote.

Lakini adui yake mkubwa hakuwa ujinga. Adui yake alikuwa ushuhuda. Watoto wetu wa Eastlands, wawe Waluhya wa kina Nafula au Wakikuyu wa kina Warigia, wamelelewa katika makanisa ya mabati ambamo mtu hujifunza kusimama na kushuhudia kabla hajajifunza kusoma. Mpe kipande cha c, kinachouliza habari za maisha, naye anaacha hoja anaanza kuhubiri. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa 1993 aliandika kurasa tatu akamaliza kwa Amina. Mwalimu aliwaambia kila siku kwamba mtahini ana mwongozo mbele yake na anatafuta hoja. Hoja ipo au haipo. Machozi hayamo kwenye mwongozo.

Sasa nifike pale ninapokwepa.

Nafula Wekulo alikuwa mwanafunzi wetu, na babake, Mzee Wekulo, alikuwa fundi wa mabehewa. Mwezi wa Agosti 1996 mzee huyo aliugua kifua, akafa. Nyumba yao ya Makongeni ilikuwa nyumba ya kazi, na kazi ilikwenda na mwenyewe, kwa hivyo baada ya mazishi Bungoma familia ilihamia chumba kimoja Dandora. Mamake alianza kuuza nguo za watoto Gikomba. Nafula alitaka kuwa muuguzi. Alisema hivyo tangu Kidato cha Kwanza, na tangu kubisha hodi hospitalini kulipowachosha yeye na babake, alisema kwa hasira. Chuo kilitaka C ya jumla. Masomo ya sayansi yalikuwa yanampa jasho, na hesabu yake ilikuwa wazi kwetu sote: Dini ndiyo ingemvuta juu.

Novemba ile alitoka katika chumba cha mtihani akitabasamu. Alikuja moja kwa moja mezani petu akamwambia Mwalimu, "Leo nimemwaga roho yote." Kulikuwa na swali la mateso ya nabii Yeremia na funzo lake kwa Wakristo. Nafula aliandika habari za babake: kikohozi, foleni ya hospitali, mkono ulivyokuwa mwepesi siku ya mwisho. Aliandika hadi akaomba karatasi ya ziada. Mwalimu alimuuliza kwa upole maswali mengine alijibu mangapi. Mtoto akahesabu kwa vidole. Alikuwa amejibu mawili, na la tatu nusu.

Mwalimu hakumgombeza. Alimwambia aende nyumbani apumzike. Kisha akakaa akiutazama mlango, na kutoka siku ile hadi matokeo yalipotoka mwaka uliofuata hakuna aliyemsikia akicheka. Sisi wengine tulikuwa na matumaini kwa kuwa hatukujua hesabu ya alama. Yeye alijua. Nafula alipata D ya jumla.

Mama yake alisema atamrudisha shule mara moja tu, akianguka tena atamfuata Gikomba kufungua mitumba. Sina la kumlaumu mama huyo. Basi Nafula akarudia Kidato cha Nne mwaka wa 1997, akiwa amevaa sweta ile ile, na Mwalimu Luseno akaanza naye kazi ambayo sijaona mwalimu mwingine akiifanya.

Kila Ijumaa baada ya masomo alimketisha mezani petu akamwambia ashuhudie. Aseme yote ya babake, kwa mdomo, bila kuandika. Mtoto alisema. Nami nilikuwa pale nikisahihisha insha, au nikijifanya ninasahihisha. Akimaliza, Mwalimu alimrudisha mwanzo, sentensi moja moja. Wanawake wa kanisa walileta unga na sukari: hiyo ni hoja, andika kwamba kanisa huwapa waliofiwa mahitaji ya kimwili. Mchungaji alilala nao matangani: andika kwamba kanisa huwafariji kwa maombi na kwa kuwapo. Majirani walichanga gari la kupeleka mwili Bungoma: andika kwamba Wakristo hushirikiana kugharamia mazishi. Na kila hoja ilipoandikwa, jina la baba lilitolewa. Alikuwa akimwambia, "Mtahini hamjui Wekulo, mama. Mtahini anajua hoja."

Wiki za kwanza Nafula alilia. Baadaye hakulia. Kufikia Septemba alikuwa akizitoa hoja haraka kama mtu anayekung'uta maharagwe, na Mwalimu akamsifu. Mimi nilimsifu pia. Hakuna aliyeuliza machozi yamekwenda wapi.

Mtihani ulifanywa katika mvua ile ya El Niño, mabati yakipigwa hadi msimamizi akawa anasoma maagizo kwa kupiga kelele. Walimu tulisimama barazani, viatu vimelowa, tukingoja. Nafula alitoka bila kutabasamu, akasema amemaliza maswali yote matano, akaenda zake na jirani yake wa Dandora. Mwalimu alishika nguzo ya baraza, akasema alhamdulillahi. Neno hilo alilipata kwangu, na sijui kama alisikia alichosema.

Mwezi uliopita matokeo yalitoka. Nafula ana C ya jumla, na katika Dini ana A, ya kwanza shuleni kwa miaka mingi. Mimi nilipiga vigelegele hadi barabarani. Alikuja kumshukuru Mwalimu akiwa na mama yake na mfuko wa ndizi. Akamweleza kwamba swali lenyewe la waliofiwa lilikuja, kipande cha c, nalo alilijibu kwa hoja tupu. Kisha akasema kwa fahari, kama mtoto anayeonyesha daftari safi, "Mwalimu, sikumtaja baba hata mara moja."

Mwalimu alimpa mkono, akampongeza, akamsindikiza mama hadi langoni. Aliporudi alikaa kitini na koti lake bado mkononi. Akaniambia, "Khadro, nimemfundisha mtoto kumnyamazia babake, na amepata A." Nilimwambia hakuna njia nyingine, mtihani ndio ulivyo, na msichana anakwenda uuguzi. Alikubali. Alisema ningekuwa mtahini mzuri. Halafu akalia, mzee wa miaka hamsini na mitano, mbele ya walimu waliokuwa wakinywa chai, na hakuna aliyejua afanye nini. Nilifunga dirisha, basi. Ndilo lililokuwa karibu.

Hayo ndiyo mafanikio ya Mwalimu Luseno, na ni mafanikio ya kweli. Wako wauguzi, makarani na wachungaji wengi mjini hapa waliovushwa na kipande a, b na c. Tunasikitika kwamba mpaka leo hakuna mwalimu aliyeletwa kushika nafasi yake. Kidato cha Nne cha mwaka huu nimepewa mimi kwa muda, nami nitawachorea umbo la mtihani kama nilivyomwona akilichora, na ya Injili ya Luka watanifundisha wao.

Kamati ilitaka kumnunulia saa ya ukutani. Amekataa. Ameomba kitu kimoja tu katika sherehe hii, nacho kamati ilikigomea kidogo kwa sababu kinaharibu ratiba. Kwa hiyo baada ya maombi ya kufungua, kabla ya hotuba yoyote, Nafula atasimama atuambie habari za Mzee Wekulo, fundi wa mabehewa. Atasema kwa muda autakao. Atalia akitaka.

Mwalimu, sisi wenzako tunakushukuru kwa miaka yako yote. Ufike Hamisi salama, mahindi yako yashike, na usingizi wako ukurudie. Leo kaa kiti cha mbele, karibu na mama yake Nafula, umsikilize mtoto.