Kafi la Baba

Ndani ya basi, mbele yangu walikaa kaka na dada, katikati yao kafi refu lililofungwa shuka, mpini wake uking'aa kwa kushikwa. Nami masikio yangu hayajazeeka. Kila mwaka familia yao hushuka mto kwa mtumbwi, kutoka daraja la kale hadi magofu ya ngome, baba yao akiongoza kwa nyuma. Mwezi uliopita walimzika.

“Nafasi yake ikae wazi,” dada alisema.

“Bila mtu nyuma, dada, tutazunguka kama pia. Na mama naye atakuwemo mtumbwini.”

“Wewe ulipatamani pale tangu utoto.”

“Nilipatamani alipokuwepo baba wa kunifukuza.”

Basi likasimama mtoni. Walishuka kwa shida, maana kila mmoja alishika kafi upande wake na hakuna aliyeachia.