Mashine ya Kumi ya Fundi Banzi

Leo, Ijumaa tarehe 30 Januari 2026, Fundi Bartholomeo Banzi anafunga karakana ya shule yetu hapa Mlali na kukabidhi funguo. Aliajiriwa tarehe 3 Februari 1992. Ukihesabu vizuri ni miaka thelathini na minne kasoro siku nne, na Bi Mwanvita Pazi, mpishi wetu mkuu, ameshatangaza jikoni kwamba hizo siku nne lazima mtu arudi azimalizie.

Fundi Banzi alizaliwa Nyandira, huko juu Mgeta, katika familia ya wakulima wa kabichi na njegere. Alikuja hapa akiwa na randa, misumeno miwili na barua ya paroko. Kazi aliyopewa ilikuwa kutengeneza madawati. Hakuna aliyemwambia kwamba angetengeneza pia mashine za taipu, jenereta, bomba la maji, kinanda cha kwaya na miwani ya walimu watatu. Kengele tunayoigonga hadi leo, ile rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya ofisi ya taaluma, aliifunga yeye mwaka 1993 baada ya kengele ya shaba kuibwa. Alisema mwizi wa rimu angehitaji wenzake wanne, na mpaka leo hawajatokea.

Kila alichokitengeneza alikifungia kadi kwa uzi. Kwenye kadi aliandika jina la kitu, ugonjwa, dawa, tarehe na fundi. Dawati la kidato cha pili mkondo B, safu ya mbele, lina kadi inayosomeka: "Ugonjwa: kukaliwa na watu sita. Dawa: msumari na onyo." Wanafunzi wengi wamejifunza kusoma mwandiko wa watu wazima kupitia kadi hizo.

Kompyuta zilipoletwa shuleni, yeye alikuwa amevuka miaka arobaini. Alizifungua kama alivyofungua redio, akazifunga, akazifungia kadi. Baadaye ndipo alipojifunza kuweka mfumo endeshi, yaani ule mfumo unaoiamsha kompyuta na kuiendesha, bila huo mashine ni sahani tu yenye kioo. Kwa kuwa mtandao wa hapa ni wa kubahatisha, alikuwa akipanda gari hadi Mazimbu kwa mpwa wake anayesoma chuo, wanapakua mfumo huko, wanautia kwenye flashi, naye anarudi nayo ndani ya mfuko wa shati uliofungwa kwa pini. Flashi yenyewe ni ya kijani, ina kamba ya kiatu.

Pamoja nayo alikuwa na daftari. Maandishi ya mashine huja kwa Kiingereza, hivyo Fundi alikuwa ameandika kila ukurasa unaotokea na maana yake kwa Kiswahili, pamoja na ushauri. Ukurasa wa nne umeandikwa hivi: "Hapa inauliza kama ifute vyote vilivyomo. Soma mara mbili. Kama kuna kazi ya mtu ndani, simama, kamwulize mwenyewe."

Wiki ya kwanza ya mwezi huu bodi ya shule ilitoa uamuzi. Laptopu zetu zilikuwa zimezeeka mno. Nyingine zilichukua nusu saa kuwaka, na mfumo wa zamani ulikuwa mzito kuliko nguvu zao, sawa na kumtwisha bibi magunia mawili ya viazi apandishe nayo Mgeta. Bodi ikasema chumba cha kompyuta kigeuzwe stoo ya mahindi, isipokuwa kama siku ya ziara yao, Alhamisi tarehe 22, wangekuta mashine kumi zinafanya kazi. Walisema kumi kwa sababu darasa lina wanafunzi arobaini na kila mashine hukaliwa na wanne.

Fundi Banzi alikuwa na laptopu kumi na nne na wiki mbili. Nne alizifungua akatoa vipuri vya kutibia nyingine. Moja baada ya nyingine akazifuta na kuziwekea mfumo mwepesi kutoka kwenye flashi ya kijani. Kufikia Jumatano jioni alikuwa na mashine tisa zinazowaka.

Ya kumi ilikuwa mkaidi. Betri yake haikai na chaji, ikichomolewa ukutani inazima hapo hapo na saa yake inarudi tarehe 1 Januari 2009. Kitufe cha F12, kile unachokibonyeza mfululizo ili mashine ikubali kuanza na flashi, kilishang'oka, hivyo Fundi alikibonyeza kwa kijiti cha kiberiti. Alhamisi asubuhi ikakubali. Saa tano na nusu mfumo mpya ulianza kujiandika ndani yake, taratibu, na taa ndogo ya flashi ikawa inapepesa. Wageni walitarajiwa saa nane. Fundi alihesabu kwamba kwa mwendo wa mashine ile, saa moja na nusu ingetosha.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wenyeji wanalijua. Fundi ni Mluguru, Bi Mwanvita ni Mzaramo wa Kisarawe, na hao ni watani. Kwa miaka kumi na tisa hawajawahi kusalimiana kama watu wengine. Mtani ana haki ya kukutukana mbele ya mkuu wa shule, na ana haki ya kuchukua kitu chako akakaa nacho hadi ukikomboe. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa. Wiki ile Bi Mwanvita alikuwa ameapa kuchukua mateka mmoja kabla Fundi hajastaafu, na fidia aliyoitaka ilikuwa kabichi la Nyandira lenye ukubwa wa kichwa cha Fundi mwenyewe.

Saa sita na dakika kumi alikuja chumba cha kompyuta kumwita Fundi akale. Nilikuwepo, nimekaa kwenye mashine namba sita nikiandika majina ya wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza. Bi Mwanvita aliiona kamba ya kiatu ikining'inia ubavuni mwa laptopu. Akavuta. Flashi ikatoka, akaifunga kwenye pindo la kanga na kurudi nyuma hatua mbili akicheka.

"Mateka wangu huyu, mtani. Kabichi."

Kioo kiliganda, kisha kikawa cheusi chenye herufi nyeupe chache. Mashine haikuwa tena na mfumo wa zamani, maana ulishafutwa, wala haikuwa na mpya, maana ulikuwa haujafika nusu. Bi Mwanvita alimtazama Fundi, akaacha kucheka.

Wengine tungepiga kelele. Fundi Banzi alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Mtani," alisema, "umemchomoa mgonjwa dripu akiwa mezani."

"Mgonjwa mwenyewe alikuwa keshakufa," Bi Mwanvita alijibu, lakini sauti ilikuwa ndogo. "Mimi nimefunga tu macho yake."

"Haya. Faini yako ni kumfufua. Kaa."

"Nikae wapi? Nina wali wa wageni motoni."

"Msaidizi wako Hosiana yupo jikoni. Mzaramo mmoja akitoka kwenye sufuria wali utaiva vizuri zaidi."

Alikaa. Fundi akamwekea daftari mbele, kisha akaweka mikono yake nyuma na kuifunganisha, na kwa muda wote uliofuata hakugusa kitufe hata kimoja. Bi Mwanvita alirudisha flashi mahali pake, akabonyeza kwa kijiti cha kiberiti, akakosa. Akazima, akawasha, akakosa tena. Mara ya tatu ikatokea orodha ya kuchagua mashine ianze na nini, na flashi ikiwemo. Kipanya kilimtoroka mezani, kwa sababu alikishika kwa nguvu za mtu aliyezoea mwiko wa ugali wa watu mia tatu. Kila ukurasa ulipotokea alitafuta mfano wake kwenye daftari, akausoma kwa sauti, akauliza, ndipo akabonyeza. Alipofika ukurasa wa nne alisoma mara mbili kama alivyoelekezwa. Kisha akageuka.

"Humu ndani mna kazi ya mtu?"

"Haimo. Umeuliza vizuri."

Ilipofika saa saba kasorobo, mfumo ulianza kujiandika upya. Bi Mwanvita aliikodolea macho ile taa inayopepesa. "Kumbe ni kama pilau," alisema. "Umeshapalia mkaa juu, halafu mpumbavu anakuja kufunua kifuniko."

"Mimi sijamtaja mtu," Fundi alisema.

Saa nane wageni waliingia getini. Mashine ilikuwa haijamaliza. Chakula nacho hakikuwa tayari, kwa kuwa Hosiana alikuwa peke yake, na Mkuu wa Shule, Mwalimu Judith, aliwaomba wageni wakae, wale kwanza. Wali ule ulichelewa dakika arobaini, na unaweza kuwa ndio wali pekee wa shule hii uliochelewa ukashukuriwa.

Walipofika chumba cha kompyuta, mashine tisa zilikuwa zimewaka. Mzee Evance, mwenyekiti wa bodi, alipita akizihesabu kwa kidole. Mbele ya ile ya kumi alimkuta mpishi na aproni yake, na kwenye kioo maneno yanayosema chomoa flashi, kisha bonyeza kitufe. Bi Mwanvita hakusogea.

"Chomoa," Fundi alimwambia.

"Saa sita nilichomoa bila kuambiwa. Sasa naambiwa, mkono haunyanyuki."

Akaichomoa hata hivyo. Mashine ilizima, tukasubiri, ikawaka na picha ya bluu ambayo haijawahi kuwa nayo. Mzee Evance alisema kumi. Kisha akainama kusoma saa iliyo pembeni na kuuliza kwa nini mashine inasema ni Januari mosi 2009.

"Iache hivyo, Mwenyekiti," Bi Mwanvita alisema. "Kwa hesabu yake mtani wangu bado ana miaka kumi na saba kazini."

Wote walicheka, lakini Mzee Evance aliuliza swali ambalo kila mmoja wetu alikuwa nalo: mwezi ujao mashine zikigoma, nani atakuwepo? Fundi Banzi alichukua kadi mpya, akaiandika akiwa amesimama, akaifunga kwa uzi kwenye laptopu ile. Iko pale hadi sasa na mnaweza kwenda kuisoma. "Mashine ya 10. Ugonjwa: uzee na mtani. Dawa: mfumo mwepesi. Tarehe: 22/1/2026. Fundi: Mwanvita Pazi."

Chumba kimebaki chumba cha kompyuta. Mahindi yametafutiwa kwingine.

Mwalimu Judith aliniomba niandike wasifu huu, nadhani kwa sababu kusimama na kusema siwezi. Nilitaka kuorodhesha kila alichotengeneza Fundi Banzi, nikaona kurasa za ratiba ya hafla hii hazitatosha. Basi niseme hili moja. Flashi ya kijani bado imo mikononi mwa Bi Mwanvita. Inaning'inia msumarini jikoni, pamoja na funguo za stoo, na daftari liko kwenye kabati la viungo. Jumatatu iliyopita aliitumia kuifufua laptopu ya mhasibu, akamwuliza kwanza kama ndani mna kazi ya mtu. Ilikuwemo, na wakaitoa kabla ya kufuta.

Kwa sheria ya utani Fundi alipaswa kuikomboa flashi yake kabla ya leo. Nyandira kuna kabichi tele msimu huu, na Jumapili iliyopita alikuwa huko kwa mkewe, Mama Josephina. Amerudi mikono mitupu. Alipoulizwa alisema kabichi za mwaka huu zote ni ndogo kuliko kichwa chake.

Fundi Banzi, asante kwa madawati, kwa kengele, kwa kadi na kwa mikono uliyoifunga nyuma siku ile. Mungu akupe afya na njegere zisizoingia wadudu, nawe na Mama Josephina mle jasho lenu kwa raha huko milimani. Ukisikia rimu ikilia upepo ukivuma kuelekea juu, ujue bado tupo tunafanya kazi.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote,
Irene Faraja, anayejitolea ofisi ya taaluma