Rangi ya Dhahabu Juu ya Tangi la Dawa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mkurugenzi wa kiwanda chetu, wakuu wa idara, waganga na wauguzi mlioacha wodi zenu kuja kutuona, mafundi, ndugu wageni waalikwa:

Nimepewa nafasi hii ili nimkaribishe Mgeni Rasmi abonyeze kitufe cha kijani, na tangi hili jipya lianze kutengeneza dawa ya maji ya homa ya watoto. Ratiba mliyoshika inasema hivyo. Lakini mimi, niliyekabidhiwa kusimamia ubora, nimesimama hapa kuomba kitufe hicho kisiguswe.

Mnivumilie nieleze.

Tangi mnaloliona ni la chuma kisichoshika kutu. Halikupakwa rangi, na si kwa ubahili. Kanuni za utengenezaji bora wa dawa haziruhusu kifaa kinachogusana na dawa kiachie chochote ndani yake, iwe kutu, grisi au rangi. Katikati ya kifuniko unapita mhimili wa kukorogea, nao umebanwa na mpira unaozuia uchafu usiingie. Jana tuliusafisha mhimili huo, tukaukagua, nikaweka sahihi yangu, nikaenda nyumbani.

Asubuhi niliukuta unang'aa kama pete ya bibi harusi. Kamati ya mapambo ilikuwa imepita.

"Nani amepaka rangi hapa?" niliuliza.

Mwenyekiti wao, dada yetu tunayemwita Bi Maua, akajibu kwa furaha: "Mimi, mzee wangu! Wageni waje wakute chuma kimenuna kama wewe? Gusa uone, imekauka."

Niligusa. Kweli ilikuwa imekauka. Lakini, ndugu zangu, je, itabaki pale mhimili utakapozunguka ndani ya mpira unaoubana? Nilikinga kitambaa cheupe chini yake, nikauzungusha kwa mkono, taratibu. Kitambaa chenyewe hiki hapa. Mlio nyuma hamwoni vizuri, kwa hiyo nawaambia: hizi ni chembe za rangi ya dhahabu.

Fundi mkuu, ambaye namheshimu, akaninong'oneza: "Mzee, tuwashe kidogo tu na maji matupu, picha zipigwe, tuzime. Nani atajua?" Maji hayo yangepita katika mabomba yote hadi kwenye mashine ya kujazia chupa, na chembe zingejificha katika kila kona na kila kiungio. Maji tungeyamwaga. Chembe je? Zingebaki humo zikimsubiri mtoto.

Sisemi haya kwa raha. Binti yangu ni muuguzi wa wodi ya watoto. Ameketi pale karibu na mlango, na sare yake. Alfajiri alinipigia simu: "Baba, rafu ya dawa ya homa ni tupu. Kuna mama ameniuliza kama leo itapatikana, nikamwambia ndiyo, baba yangu anafungua mashine. Usiniangushe." Je, nimwambie mama yule asubiri, na homa haisubiri? Au nimpe chupa ambayo sijui kilichomo? Nimeligeuza jambo hili kila upande mpaka mlipoingia ukumbini, wala sikupata upande ulio laini.

Bi Maua, usilie. Ulitaka kazi yetu ipendeze. Kosa ni letu tuliouacha wazi mlango wa chumba cha kutengenezea dawa. Ndugu Mkurugenzi, nakusifu kwa kukubali uamuzi huu. Nakusifu mapema, maana bado sijakuona ukikubali.

Mhimili utafunguliwa, mpira utabadilishwa, tangi litaoshwa, na maji ya mwisho ya kuoshea yatapimwa maabara. Yakiwa safi, nitaweka sahihi. Yasipokuwa safi, tutaosha tena. Siku siwezi kuitaja. Mheshimiwa, sauti yako inafika mahali ambapo yangu haifiki: tuombee akiba ya dawa kutoka bohari kuu, leo hii, kabla hujafika nyumbani.

Mwanangu, ulitaka jibu. Leo, hapana. Mwambie mama yule kwamba aliyekataa ni baba yako, wala usinifiche.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Na wewe, Mheshimiwa, nakushukuru zaidi, kwa kuwa naona mkono wako umekwisha kuuweka mfukoni.