Aliyeketi Kiti cha Mbele: Maisha ya Dada Yetu, Mjalidi wa Vitabu

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu, mwenye kugawa umri na mwenye kuutwaa, kwa kutujalia dada huyu na kutuachia hadi umri wa miaka sitini. Wasifu huu, unaosomwa na kaka yake mkubwa kwa niaba ya ukoo mzima, hautamaliza habari zake. Utataja yaliyo ya hakika, na utakaa zaidi juu ya jambo moja alilolisimamia tangu alipoolewa hadi alipofumba macho: kwamba mume wake, Mwalimu, ambaye haoni, asikose kufika kwa watoto wasioona anaowafundisha kusoma majumbani mwao, huko ambako lami inakoma na changarawe inaanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, alfajiri yenye mvua, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yetu seremala. Alikuwa mtoto wa tatu na binti wa kwanza. Kabla miguu yake haijawa mirefu ya kukalia tandiko, aliendesha baiskeli ya baba kwa kupenyeza mguu mmoja chini ya bomba la fremu, mwili umepinda upande mmoja, uso umekunjamana kwa bidii. Baba alimwonya, "Binti, ukianguka usije kulia kwangu." Naye akajibu bila kusimama, "Nikianguka nitalia kwa mama." Alianguka mara nyingi, wala hakulia kwa yeyote.

Elimu ya msingi aliipata kati ya mwaka 1970 na 1976, na ya sekondari kati ya 1977 na 1980, katika shule ya bweni aliyoipenda kwa sababu ya maktaba yake. Masomo ya dini aliyapata kwa bibi yetu mzaa mama. Huyo bibi alipomsikia akizikimbiza sala zake ili awahi kwenda kucheza, alikuwa akimuuliza kwa upole, "Unamkimbia nani, mjukuu wangu? Mungu hajaondoka." Tangu hapo hakuna aliyepata kumsikia akisali kwa haraka, hata siku za dhiki.

Januari 1982 aliajiriwa katika kiwanda kinachochapa vitabu vya nukta nundu, yale maandishi yanayosomwa kwa vidole. Aliwekwa chumba cha kujalidi, chenye madirisha marefu na meza ndefu kuliko chumba chenyewe kilivyostahili, na kwa kuwa harufu ya kazi yake ilimfuata mpaka nyumbani, wenzake walimbatiza jina la Gundi. Kazi ya kujalidi vitabu vya namna hii ina hatari yake. Kitabu kikikandamizwa kidogo, jalada halishiki; kikikandamizwa mno, nukta zinalala, na kilichobaki ni karatasi tupu yenye jalada zuri. Ajira hiyo aliishika hadi alipostaafu.

Ni kazi hiyo iliyomletea mume. Mwaka 1985 kijana mmoja mwalimu alifika kwenye dirisha la kupokelea wateja, kitabu kinene kwapani.

"Nani aliyejalidi kitabu hiki?"

"Mimi."

"Basi umeifuta sura ya nne."

"Sijafuta hata neno, kaka. Kurasa zote zimo."

"Zimo, lakini zimelala. Hebu weka kidole."

Dada yetu akaweka kidole, kisha akaenda kulegeza mtambo wake. Wiki iliyofuata yule kijana alirudi na kitabu kingine. "Na hiki kina nini?" aliulizwa. "Hiki hakina kitu," akasema. "Nimekuja kukisifu." Alikisifu kwa miaka miwili, mpaka baba yetu akauliza kama vitabu vya kiwanda hicho havina msomaji mwingine. Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1987. Mwenyezi Mungu aliwajalia binti mmoja na mwana mmoja.

Kazi ya Mwalimu ilikuwa, na ingali, ni kuwafuata wanafunzi wake nyumbani kwao. Marehemu alipoona kwamba mumewe huchelewa kwa kungoja watu wa kumchukua, alimwendea fundi wa kuchomelea na kumwagiza aunganishe baiskeli mbili ziwe moja: usukani mmoja, viti viwili, pedali za watu wawili. Siku zake za mapumziko, na nyakati za asubuhi alizopewa ruhusa na kiwanda, yeye alikaa mbele na Mwalimu nyuma, na kikapu cha vitabu kati ya Mwalimu na taa ya nyuma. Watoto waliwaita Mwalimu wa Mbele na Mwalimu wa Nyuma, na mmoja wao aliwahi kuuliza kama Mwalimu wa Katikati anaumwa.

Katika kuchagua matairi kwa njia ile, dada yetu alianza kwa kukosea kama wengi wanavyokosea. Muuza matairi alimwambia, "Dada, njia ya vumbi inataka meno," akamvalisha matairi yenye meno makubwa kama ya trekta. Kwenye matope yangefaa. Lakini njia yao ni udongo ulioshindiliwa na kutandazwa changarawe, na juu yake meno yale yalinguruma na kutetemesha kila kitu. Mwalimu, ambaye husikiliza njia kama wengine wanavyoitazama, hakusikia kingine ila mngurumo. Na vitabu kikapuni vilisuguana hadi nukta za pembeni zikaanza kufutika. Ndipo akahamia upande wa pili: matairi membamba, laini, yaliyojazwa upepo yakawa magumu kama mti. Kwenye lami yalikwenda kama kisu. Kwenye kona ya kwanza yenye changarawe legevu, yaliwatia wote wawili mtaroni.

Mwalimu, akiwa amekaa mtaroni, aliuliza kwa utulivu, "Mke wangu, tumefika?"

"Bado."

"Sasa mbona tumeshuka?"

Walicheka mpaka mpita njia akadhani wamepoteza akili. Kesho yake marehemu alirudi dukani. Safari hii hakuuliza tairi lipi ni zuri. Alieleza njia yake ilivyo, mzigo wake na mtu anayekaa nyuma yake. Alichagua tairi pana, la milimita arobaini na tano, lililoingia kwenye uma wa baiskeli, ile mikono miwili inayoshika gurudumu, na kuacha nafasi ya matope kupita. Katikati lilikuwa na meno mafupi yaliyosongamana, ili liviringike kwa wepesi. Mabegani meno marefu zaidi, ya kushika kona. Na ubavu wake ulikuwa mgumu wa kustahimili mawe makali. Kisha akajaza upepo wa wastani, wa nyuma ukizidi wa mbele kwa kuwa nyuma ndiko kwenye mzigo. Wanafalsafa wa kale waliandika mengi juu ya wastani, kwamba ushujaa hukaa kati ya woga na pupa. Dada yetu, aliyewasoma na kuwapenda, alisema kwamba upepo wa tairi nao ni fadhila. Ukizidi, baiskeli inadundadunda na kuteleza. Ukipungua mno, ringi inagonga jiwe na kuung'ata mpira wa ndani.

Mtu mmoja hakuikubali falsafa hiyo. Shemeji yake, mdogo wake Mwalimu, dereva wa lori kwa kazi, alimpenda sana kaka yake, na kila alipowatembelea alionyesha mapenzi hayo kwa pampu. "Nimewatilia upepo, shemeji," alikuwa akisema huku akijifuta jasho. "Sasa kila tairi linalia kama ngoma." Marehemu alimshukuru kwa adabu zote. Alipopinda kona na kutoka machoni mwake, alishuka na kuupunguza. Shemeji, akikuta kila mara matairi yamelegea, aliamini kwamba vali zinavuja, akazibadilisha mara mbili kwa vifaa vyake mwenyewe. Hakuambiwa ukweli kwa miaka mingi, kwa sababu marehemu hakupenda kumrudishia mtu zawadi yake.

Aprili 2022 madaktari walimweleza kwamba moyo wake umepanuka na kuchoka, na kwamba asikanyage pedali tena. Aliipokea habari hiyo kwa saburi. Kilichomnyima usingizi si ugonjwa. Ni kiti cha mbele kubaki kitupu. Mwalimu alikuwa amekwisha kustaafu, lakini hakuwa ameacha kufundisha, na katika nyumba ya mwisho kabisa ya ile njia alikuwako binti mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuunganisha herufi.

Ukoo ulikutana sebuleni kwake. Shemeji ndiye aliyeanza kusema. "Kaka amefundisha vya kutosha. Sasa akae, apumzike. Mimi nitamletea redio."

"Redio anayo," marehemu akajibu. "Anachokosa ni mtu wa kukaa mbele." Akamtazama.

"Usinitazame hivyo, shemeji. Mimi mtu wa lori."

"Ndiyo maana nakutazama. Barabara unaijua. Upepo ndio hujaujua." Hapo ndipo alipomwambia habari za zile vali, na sebule nzima ikacheka, isipokuwa shemeji, aliyeuliza, "Zote mbili zilikuwa nzima?"

Alikubali, kwa sharti kwamba matairi atayajaza mwenyewe. Marehemu hakubishana. Alimwita fundi, akafungiwa vyuma viwili vya kuwekea miguu kando ya gurudumu la nyuma, pedali zizunguke bila yeye. Kisha akakaa kiti cha mumewe, akajifunga leso machoni, akamwambia shemeji aendeshe polepole hadi changarawe inapoanza. Alitaka kujua mume wake atasikia nini.

"Simama," alisema hawajafika mbali.

"Kuna nini?"

"Umepita juu ya kila jiwe, na kila jiwe nimelijua kwa jina. Punguza upepo."

"Nikipunguza, watu watasema nimepata pancha."

"Waache waseme. Mwalimu atafika na mgongo wake mzima."

Alipunguza kwa kipimo cha marehemu, wakaendelea, na kwenye jiwe la kwanza kubwa ringi ikagonga na pancha ikapatikana kweli. Shemeji alifurahi kupita kiasi. "Si nilisema?" Marehemu alivua leso, akalibonyeza tairi kwa kidole gumba, akamtazama dereva wake kuanzia kichwani hadi miguuni. "Umesema kweli. Matairi haya yalikuwa ya uzito wangu, na wewe ni magunia mawili."

"Gunia moja na nusu, shemeji."

"Hata hivyo, dawa si kujaza upepo. Dawa ni upana." Wiki hiyo alichagua matairi ya milimita hamsini, na kwa kuwa uma wa mbele haukuyaruhusu, fundi akauondoa na kutia uma mpana zaidi. Akarudi kukaa nyuma, leso machoni, mara nyingine na nyingine, akipunguza kidogo na kuongeza kidogo, mpaka siku aliyokaa kimya toka mwanzo wa changarawe hadi mwisho. Shemeji alidhani amesinzia. "La," alisema, "nilikuwa nasikiliza ndege. Sasa mchukue kaka yako." Tangu siku hiyo Mwalimu hakukosa safari, na shemeji aliyekuwa akiamini pampu peke yake huonekana kila asubuhi amechutama kando ya gurudumu, akibonyeza kwa kidole gumba na kutikisa kichwa.

Mwanzoni mwa mwaka huu nguvu zilimwishia dada yetu, akawa mtu wa kitandani. Alitunzwa na binti yake na mdogo wake wa kike kwa mapenzi yasiyo na manung'uniko, nasi tunawashukuru, pamoja na madaktari na wauguzi. Ijumaa tarehe 2 Februari 2024 ilikuwa siku ya kumfundisha yule binti wa nyumba ya mwisho. Mwalimu alikataa kutoka.

"Leo nitakaa na wewe."

"Ukikaa, utanifanyia nini?"

"Nitakushika mkono."

"Nishike sasa, kisha uende. Kuna mtoto anangoja mstari wake."

Alimshika mkono, kisha akaenda. Aliporudi adhuhuri, na kabla hajavua viatu, marehemu aliuliza kwa sauti iliyokwisha kuwa ndogo, "Amesoma?" Mwalimu akamwambia kwamba amesoma mstari mzima bila kidole kurudi nyuma. Shemeji, akiwa mlangoni, akaongeza, "Na hakuna pancha." Dada yetu alicheka, akaomba maji, akasikiliza sala iliyosomwa karibu naye, na kabla jua halijazama aliirejesha roho yake kwa Muumba, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mume wake.

Marehemu ameacha mume, binti, ambaye ni mkutubi, mwana, ambaye ni fundi umeme, wajukuu watatu, kaka wawili na mdogo wake wa kike, shemeji yake, na wasomaji wengi ambao vidole vyao vimepita juu ya kazi yake pasipo wao kumjua.

Ukoo unawashukuru wote waliofika na watakaofika kutufariji. Tunaomba ijulikane tu kwamba watakaokuja kutoa pole Jumatatu asubuhi hawatamkuta Mwalimu nyumbani. Yeye na mdogo wake watakuwa njiani, kama marehemu alivyoagiza, na watarudi adhuhuri. Karibuni alasiri.

Mola ampokee dada yetu kwa rehema, na ampumzishe katika amani Yake.